Chungwa la Bwana Mifugo

Alinizidi umri kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kunilazimisha kumwamkia shikamoo kila tulipokutana, na kila nilipomwamkia roho iliniuma. Aliitikia "Marahaba, ndugu yangu" huku macho yake yakishuka kwenye viganja vyangu, aone nimenunua nini. Tulikuwa tunakutana uwanjani Kasulu, siku ya visu, na mara nyingi kilichofaa kununuliwa alikuwa amekwisha kukinunua yeye.

Jina lake nalijua, ila hapa Kibondo hakuna aliyelitumia. Serikali ilimleta aangalie ng'ombe na mbuzi wetu, akawa Bwana Mifugo, na hata mkewe alimwita hivyo mbele ya wageni. Mimi nina duka la madaftari na kalamu karibu na stendi. Mimi ni Muha, nyumbani kwetu tulilima kwa majembe ya wahunzi hawa hawa, na yeye alikuja na barua ya uhamisho kutoka Singida. Kwa hiyo niliona visu vya huku vilikuwa vyangu kabla havijawa vyake. Sikuwahi kumwambia mtu, lakini ndivyo nilivyoona.

Siku yenyewe haina bango wala mgeni rasmi. Maharage yakishavunwa na kukauka, kabla ya mvua za kupandia, wahunzi wa Makere, wa Gwarama na wa vijiji vya katikati huleta kazi zao kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Zamani yalikuwa majembe, mapanga na miundu. Majembe ya kiwandani yalipojaa madukani, wahunzi wakahamishia ufundi wao kwenye visu, na sasa nusu ya uwanja ni visu ambavyo shamba halivihitaji kabisa: chuma cha springi ya lori kilichofuliwa kikawa chembamba, mpini wa mninga au wa pembe ya ng'ombe, ala ya ngozi ya mbuzi. Wakulima wanapita kununua majembe na kututazama sisi wenye ugonjwa huu wa visu tukiwa tumechuchumaa mbele ya mikeka. Tupo wachache. Daktari mmoja, padri mmoja, mfanyabiashara anayetoka Kigoma mjini, mimi, na Bwana Mifugo, ambaye siku zote alikuwa amefika kabla yangu.

Kufika mapema si jambo dogo pale. Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Mhunzi anakilaza mkekani, wewe unakiokota. Ukitaka kukirudisha unakilaza tena, naye anakiokota. Ukimpa mwenzako kisu mkononi, wazee wanaamini umempa na ugomvi juu yake. Na aliyekiokota ndiye mwenye neno la kwanza. Mpaka akilaze, wengine wote mtasimama hapo mkimeza mate. Nimemeza mate mengi nyuma ya mgongo wa Bwana Mifugo.

Mgongo huo ulikuwa mpana, ndani ya koti la kaki lenye mifuko iliyovimba. Ndani ya mifuko mlikuwa na machungwa. Alikuwa anafika mbele ya mkeka, anawasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kwa lafudhi iliyowachekesha kila mwaka, anaokota kisu kilichomvutia, hakitazami sana, kisha anauliza, "Ruhusa nikijaribu?" Mhunzi akikubali, "Ego," chungwa linatoka mfukoni. Analimenya kuanzia kitovuni, taratibu, akilizungusha, na ganda linashuka kama utepe. Likifika chini bila kukatika, ananunua. Likikatika, anakifuta kisu kwenye suruali, anakilaza, anasema, "Ahsante, tutaona mwakani." Chungwa lililomenywa anampa mhunzi. Basi siku ya visu wahunzi walikuwa wanakula machungwa tangu asubuhi, na wengine walikuwa hawaji na chakula wakijua yupo.

Mtu anaweza kuniuliza, machungwa tu yanakuumiza nini? Yaliniuma kwa sababu wahunzi walimsubiri. Mimi nikishika kisu, mhunzi anaendelea kuongea na jirani yake. Yeye akitoa chungwa, uwanja unanyamaza. Nimeona mhunzi wa Gwarama, mtu mzima mwenye wajukuu, ameshika magoti yake kwa mikono miwili akisubiri ganda lifike chini.

Mwaka mmoja nami nikanunua machungwa. Nilijifanyia mazoezi nyumbani, mke wangu akidhani nimeamua kutunza afya. Nilipofika Kasulu nikakwepa upande aliokuwa Bwana Mifugo, nikaenda kwa fundi mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambaye huja akipata kibali cha kutoka. Nikaokota kisu, nikaomba ruhusa kwa sauti nzito, nikatoa chungwa. Ganda lilikatika kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza. Nikalianza upande mwingine, likakatika tena, na maji yakanirukia jichoni. Yule fundi alijitahidi asicheke, nampa heshima yake. Alichosema ni, "Papa, haina shida. Kisu iko muzuri, ni mukono tu. Ule mwenye machungwa, ule mukono yake inajuaka." Nikakinunua kwa hasira, na hadi leo sikipendi.

Nisije nikasahau, mkono huo wenyewe ulikuwa wa kushoto. Bwana Mifugo alikuwa mashoto tangu utoto na shule haikumnyoosha. Huku kwetu hilo ni tatizo, kwa sababu kumpa mzee kitu kwa kushoto ni kumtukana. Alipokuwa mgeni alinyoosha chungwa kwa mkono huo mbele ya mzee mmoja, na mzee akageuza uso. Wengine wangeona haya wakaacha kuja. Yeye alijizoeza. Alimenya kwa kushoto, akahamishia chungwa kulia, akashika kiwiko, akainama kidogo, ndipo akatoa. Ikawa ni tambiko lake, na watoto wa Kasulu waliliiga barabarani. Kosa la kukosa adabu liligeuka likawa sifa. Ningekosea mimi, ningekumbukwa kwa kosa.

Kuna siku alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa anatoka Nduta kuchanja mbuzi wa wanakijiji wanaopakana na kambi ya huko, pikipiki ikamletea shida karibu na stendi, nikaona aibu kutomkaribisha. Ukweli nilitaka aone kabati langu. Ni kabati la kioo la dukani, lile nililokuwa nawekea vikokotoo, nikalihamishia sebuleni na kulijaza visu. Kila kisu kimo ndani ya ala yake, kimelala juu ya kitambaa chekundu. Mke wangu huliita makumbusho.

Bwana Mifugo alisimama mbele ya kabati muda mrefu, nami nikavimba kichwa. Kisha akauliza, "Ruhusa?" Nikafungua. Nikakilaza kisu kimoja mezani, akakiokota, akakichomoa kwenye ala. Makali yalikuwa na madoa ya kutu kama ngozi ya chura. Akachomoa cha pili, hivyo hivyo. Ngozi ya ala hunywa unyevu na kuutunza, na chuma cha springi kikilala humo masika yote kinaliwa kimyakimya. Mimi nilikuwa navichomoa mara moja kwa mwaka, kuvionyesha.

Hakunicheka. Aliomba majivu na mafuta ya kula, akaketi kwenye kibaraza changu akavisugua mpaka jua likapoa. Kila alipomaliza kimoja alisema neno lile lile, "Visu vyako vinalala njaa, ndugu yangu." Mke wangu akatoka jikoni na vitunguu, akitaka kujua kama vinakata kweli. Akamenya, akakatakata, akafurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Miaka yote hii," akaniambia mbele yake, "nakata nyanya kwa kisu cha plastiki kisichokata hata sabuni, na wewe una hivi!" Kisha akamgeukia mgeni. "Bwana Mifugo, njoo mara kwa mara." Nilicheka pamoja nao. Nilijikaza kisabuni. Usiku huo sikumsemesha mke wangu, naye hakujua kosa lake.

Yeye kwake hakuwa na kabati. Visu vyake vilikaa popote. Cha pembe nyeupe, ambacho daktari aliwahi kukiomba kwa machozi, kilikuwa kinakatia kamba za mbuzi. Kingine kilikuwa kinachongea penseli ofisini. Kimoja kilikuwa kimechomekwa kwenye ukuta wa banda la kuku na hakuna aliyejua kwa nini. Alivinoa visu hivyo mpaka vikapungua upana, na wahunzi wakiviona vimekonda hivyo walifurahi, wakavigeuza geuza na kuitana. Mimi niliwahi kupeleka kisu changu kwa aliyekifua nimwonyeshe nilivyokitunza, hakina mkwaruzo. Alikitazama akasema, "Hukukipenda?"

Hata hivyo mtu huyu, mwenye visu vyote hivyo na kazi ya kukagua nyama machinjioni, alikuwa hawezi kuangalia mbuzi akichinjwa. Aligeuza uso. Alisubiri nje, akiangalia miti, mpaka aitwe akague. Wachinjaji walimtania waziwazi naye akacheka nao. Na alikuwa mkarimu wa machungwa lakini bahili wa habari. Ukimuuliza kisu fulani amekipata kwa nani, anasema, "Kwa watu." Ukimuuliza fundi gani mwaka huu ana kitu kizuri, anasema, "Tutaona kwenye chungwa." Nilimwona mchoyo. Sasa nadhani alikuwa hajui kweli mpaka amenye, lakini wakati ule sikutaka kumfikiria vizuri.

Kati ya wahunzi wote, niliyemtamani ni mzee wa Makere. Alifua visu vichache mno. Alama yake haikuwa herufi wala nyota. Ubavuni mwa mpini alichonga kishimo kidogo, mahali dole gumba linapotua, kiasi kwamba ukikishika kisu chake mkono unajiweka wenyewe. Nilikuwa na kimoja, kidogo, cha kumenyea viazi. Nilitaka kikubwa. Nilimfuata mpaka kwake Makere mara kadhaa, nikamkuta penye mivukuto yake, chini ya paa la nyasi, nikamwomba. Alikuwa ananisikiliza, anaitikia, anasema atakumbuka. Hakukumbuka.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Habari ikafika Kibondo kwamba mzee anafua kisu cha mwisho, atakileta Kasulu, halafu ataacha. Sikulala vizuri tangu niliposikia. Nilijiambia, safari hii atakayefika kwanza ni mimi. Mke wangu akashauri nitangulie nikalale Kasulu kwa dada yake. Nikasema hapana, gari la kwanza la asubuhi linatosha. Gari la kwanza lilipasua tairi njiani, tairi la akiba likawa halina upepo, tukakaa kwenye vumbi tukitazama malori ya maharage yakitupita.

Nilipofika jua lilikuwa limepanda. Nikakimbia, mtu mzima na tai yangu, mpaka kwenye mkeka wa mzee wa Makere. Bwana Mifugo alikuwa ameketi kando yake, si mbele yake kama mteja, kando. Ganda la chungwa lilikuwa limelala mkekani, zima, limejiviringisha. Mzee alikuwa anatafuna chungwa lake. Na kisu kilikuwa mkononi mwa Bwana Mifugo, kirefu, mgongo mnene, ncha imeinama kidogo, mpini wa pembe nyeusi.

Aliponiona akakifuta, akakilaza mkekani mbele yangu. "Shika, ndugu yangu," akasema. "Shika uone."

"Nimeshaona," nikasema.

"Hujaona. Okota."

"Nimesema nimeshaona, Bwana Mifugo."

Mzee akainua uso, macho yake yakitafuta sauti inatoka wapi. "Ni nani huyo?"

"Ni mwenye duka wa Kibondo," Bwana Mifugo akamjibu.

"Mbona hakishiki?"

Niligeuka nikaondoka, nikanunua jembe ambalo sikulihitaji, ili nisirudi mikono mitupu. Kwa kijicho nilikiacha mezani chakula nilichoagiza, nikapanda gari. Njia nzima ya kurudi nililaani tairi lile. Tangu hapo nikawa nasema kwa yeyote aliyenisikiliza kwamba kile kisu kilikuwa changu na tairi ndilo lililoninyang'anya. Misimu iliyofuata nilikwenda Kasulu kwa shingo upande na nikampitia mbali.

Mwaka huu nikasikia amestaafu, mkewe alishafariki, magoti yamemwisha, na binti yake amekuja kumchukua arudi Singida. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. "Nenda ukamuage mtu," akasema. "Umemchukia vya kutosha."

Sitaki kujifanya mwema. Nilikwenda kwa sababu ya kisu.

Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyumba ya serikali, ameketi kwenye kiti cha plastiki, maboksi yamepangwa nyuma yake. Nikamwamkia, akaitikia, akatazama viganja vyangu. Vilikuwa vitupu. Binti yake akaniletea chai. Jirani mmoja, mama wa mchicha, akapita akimshukuru tena kwa kisu, na nilipokiona mkononi mwake nusura nimwage chai. Kilikuwa kile cha pembe nyeupe. Mlinzi wa ofisi ya kilimo amepata kingine. Mama anayeuza ndizi za kukaanga amepata kingine. Amegawa visu vyote kwa watu ambao hawajui hata ni nani aliyevifua.

"Umeviharibu," nikamwambia. Ilinitoka.

"Vinakula," akasema. "Kila siku vinakula." Kisha akacheka, akakohoa. "Wewe nimekuwekea chako. Nilijua utakuja, ila umechelewa kama kawaida yako."

Akachomoa kisu cha mzee wa Makere chini ya blanketi lililofunika magoti yake. Kilikuwa kimekonda kidogo kwa kunolewa, pembe ya mpini imeng'aa. Akajaribu kuinama akilaze sakafuni, kama desturi. Magoti yalikataa. Akajaribu tena, akishika ukingo wa kiti, akaishia nusu njia, akakaa. Basi akaninyooshea mkononi.

Nikasita. "Tutagombana," nikasema.

"Ndugu yangu, tumegombana miaka yote hii. Ni vile tu ulikuwa hujaniambia."

Nikaona haya mpaka masikioni. Nikakipokea, mkono kwa mkono, nikakishika kwa kulia, kwa tamaa yote niliyokuwa nayo tangu siku ile ya tairi. Dole gumba likatafuta kishimo chake likakosa. Nikakiweka sawa, nikajaribu tena. Vidole vilikaa vibaya, mpini ulinisukuma. Nikakigeuza nikakitazama. Kishimo kilikuwepo, kizuri, kimechongwa kwa uangalifu, lakini upande wa pili. Nikakihamishia kushoto. Dole gumba likatua lenyewe, na mkono ule ambao sijawahi kuutumia kwa kazi yoyote ukajiweka.

Bwana Mifugo alikuwa ananitazama. "Siku ile nilitaka ukishike," akasema. "Ungejua mwenyewe, usingelilaumu tairi."

Yule mzee alikuwa anaona ukungu tu, lakini alikuwa ameutazama mkono wa mtu huyu miaka mingi juu ya machungwa yake, na aliukumbuka. Mimi nilikwenda kwake na maneno. Hata ningelala Kasulu kwa shemeji yangu, hata ningelala juu ya mkeka wenyewe, nilikuwa nimeshachelewa tangu chuma kile kilipoingia motoni.

"Chukua tu," akasema. "Huko ninakokwenda hakuna mtu wa kunionea wivu. Nikienda nacho kitanikumbusha hilo."

Ameshaondoka. Kabatini sikukiweka. Kiko jikoni, kimechomekwa juu ya rafu ya sahani, na kila jioni mke wangu ananiwekea chungwa mezani. Nalimenya kwa kushoto. Ganda linakatika, juzi nimejikata kidole, na kila linapokatika namwonea wivu upya.